Sam Ntiro, mchoraji aliyefanywa balozi

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, serikali changa ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na shida moja ambayo leo tunaisahau. Wasomi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Daktari alihitajika hospitalini, wakili mahakamani, mwalimu darasani, na juu ya hayo nchi ilitaka watu wa kuisemea ng'ambo. Kituo kizito kuliko vyote kilikuwa London, kwa mkoloni aliyefunga virago jana yake. Aliyepewa kituo hicho kuwa balozi hakuwa mwanasheria wala mwanauchumi. Alikuwa mwalimu wa uchoraji kutoka Makerere, jina lake Sam Joseph Ntiro.

Nimemkumbuka marehemu huyu kwa sababu ya mazungumzo yanayoendelea majumbani kwetu siku hizi. Mfumo mpya wa elimu umegawa sekondari ya juu njia tatu. Iko ya sayansi na teknolojia, iko ya sayansi za jamii, na iko ya sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na nne au kumi na tano anaambiwa achague. Njia ya tatu wazazi wengi wanaiangalia kama mlango wa nyuma, mahali pa kuwaweka waliofeli hesabu. Ukitaka kujua nyumba fulani ina mchoraji, sikiliza makelele siku ya kujaza fomu.

Jamaa zetu walioko Nairobi hawajaepuka. Wengi wao wako upande wa Mashariki ya jiji, Pumwani na Majengo yake ya zamani, Eastleigh, na wengine maisha yamewashusha hadi Mathare. Anayeijua Mathare anajua kwamba lile bonde kati ya Juja Road na Thika Road lilikuwa machimbo ya mawe kabla ya kuwa makazi ya watu. Mawe yalitolewa yakajenga jiji, na shimo likaachiwa mabati. Lakini tembea humo leo utazame kuta. Kinyozi ana picha ya vichwa sita vyenye mitindo sita. Kuta za vichochoro zina nyuso za vijana waliouawa, na wakati wa korona mwaka 2020 zilipakwa picha za kuwafunza watu kunawa mikono na kuvaa barakoa, kazi ya vijana wa hapo hapo. Matatu zinazopita juu barabarani zimechorwa kuanzia bampa hadi bampa. Mkono upo, tena mwingi. Kinachobishaniwa ni kama mkono huo una haja ya kwenda chuo kikuu, na ukienda utarudi na nini. Baba akiuliza mwanawe atakula nini, haulizi upuuzi. Basi tumtazame mtu mmoja aliyekwenda.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya kahawa, mifereji ya maji na migomba. Migomba naitaja mapema kwa sababu itatufuata hadi New York. Wakati wa utoto wake Wachaga walikuwa wameshaungana kuuza kahawa yao wenyewe, chama chao kikuu cha ushirika kikaundwa mwaka 1933, na pesa za kahawa zikasomesha watoto wengi. Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu. Kijana aliyefaulu kupita kiasi alipelekwa Kampala, Makerere, ambako Waganda, Wakenya, Watanganyika na Wazanzibari walikutana darasa moja. Ntiro aliingia huko mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinanguruma.

Hapa inabidi nimtaje mama mmoja wa Kiingereza, maana bila yeye kisa hakisimami. Margaret Trowell alikuwa mke wa daktari. Alisomea uchoraji katika shule ya Slade mjini London, akaja Afrika Mashariki na mumewe, wakakaa Kenya kwanza kisha Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji barazani kwa nyumba yake. Baraza ile ndiyo iliyokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ya kwanza ya daraja hiyo Afrika Mashariki, na mpaka leo ina jina lake. Kwa ufundishaji alikuwa na njia yake. Hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia kisa, soko lenye watu, mvua inayokuja, mgonjwa anayebebwa, akawataka wakione ndani ya vichwa vyao kwanza kabla ya kugusa rangi. Watu wazima wamefumba macho darasani wakitafuta picha ndani yao! Yuko atakayecheka. Lakini sisi tuliolelewa na bibi wasimulizi wa ngano usiku tunaijua kazi hiyo, hatukujua tu kwamba inaitwa masomo.

Mwanafunzi wake wa mbele alikuwa Mkenya, Gregory Maloba wa Mumias, mchongaji, ambaye baadaye alifundisha hapo hapo. Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, ule wa mama anayemwinua mtoto juu, ni kazi ya mikono yake. Noti za Uganda za leo zina picha ya mnara huo. Waganda wanautia mfukoni kila siku na wengi hawajui kwamba aliyeuchonga ni mtu wa Kenya.

Ntiro alimaliza Makerere mwaka 1947. Makerere ya siku zile haikuwa ikitoa digrii, ilitoa diploma, jambo ambalo mimi mwenye diploma yangu nalitaja kwa furaha. Mwaka uliofuata akabakishwa kufundisha. Mwaka 1952 akapelekwa London, Slade, shule ile ile aliyosoma mwalimu wake.

Naomba msomaji apatulie hapa. Slade ilikuwa, na bado ni, sehemu ya chuo kikuu cha London, na sifa yake ilijengwa juu ya kuchora mwili wa binadamu kwa kuutazama na kuupima. Mtu anakaa mbele yenu, aghalabu bila nguo, nanyi mnapima umbali wa bega na nyonga kwa penseli iliyonyoshwa mbele ya jicho. Miaka ya Ntiro shule hiyo ilikuwa chini ya William Coldstream, mtu wa vipimo hasa. Kijana wa Machame alikaa huko miaka mitatu. Unatarajia arudi akichora kama wao.

Hakurudi hivyo. Picha zake za baada ya London zinafanana na za kabla. Watu wake ni wadogo, wengi, wamepangwa mlimani kama sisimizi walio kazini. Kuna kijani kila mahali, migomba, njia, nyumba za msonge, mlima kwa nyuma. Wanalima pamoja, wanavuna kahawa, wanajenga, wanakwenda harusini. Hawana vivuli vya kupimwa, na nyuso hazimfanani fulani wala fulani. Alichora kwa kumbukumbu, kama alivyofunzwa na Trowell kuona ndani ya kichwa. Wapo wahakiki waliosema anachora kama mtu asiyesoma, wengine wakazilinganisha picha zake na za watoto. Na hapo ndipo anapopata nguvu yule baba wa Mathare: kama miaka mitatu ya Slade haikubadilisha mkono wake, ilikuwa ya nini?

Mimi nadhani aliijua njia ile ya vipimo na akaamua haitoshi kusema anachotaka kusema. Kazi ya pamoja ya Wachaga, watu arobaini kwenye shamba moja, haipimiki kwa penseli ya mtu anayetazama mwili mmoja. Ili ukatae jambo kwa hoja sharti kwanza uwe umelijua. Aliyekataa bila kujua ni mkaidi tu. Tena alipokuwa huko Ulaya hakuwa akichora peke yake, alikuwa na kalamu pia. Mwaka 1953 kilichapishwa Nairobi kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Mtu yuko London anasomea picha, huku anawaandikia watu wa Afrika Mashariki kwa lugha yetu namna kwao wanavyoishi. Ndiyo kazi ile ile, chombo ndicho kilichobadilika.

Mwaka 1955 alikuwa amemaliza, akarudi Makerere kufundisha, na picha zake zikaanza kuonyeshwa London na baadaye Marekani. Mwaka 1956 alichora moja ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York, miongoni mwa makubwa duniani kwa sanaa ya kisasa, likaichukua. Ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za mchoraji wa Afrika wa zama hizi kuingia humo. Kwa msomaji wetu Mwislamu naona haya kidogo kwamba picha iliyotutangulia huko ni ya pombe, lakini ndiyo historia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ntiro alicheza kwao akatunzwa ugenini.

Kwa upande wa nyumba, alimuoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, na huyu naye si wa kupitwa kimya. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata digrii ya chuo kikuu, tena Oxford, katika miaka ya 1950. Aliporudi kufundisha shule ya wasichana ya Gayaza akakuta mshahara wake umewekwa chini ya wa wanaume wenye kisomo kama chake. Akasema basi hautaki, atafundisha bure, mpaka wakubwa wakaona aibu wakarekebisha. Watu wawili kama hao ndio walioingia ubalozini London mwaka 1961.

Kwa nini Nyerere alimchagua mchoraji? Jibu jepesi ni uhaba wa watu, nimeshalisema. Lakini uhaba ule ulikuwa na wanasiasa wengi wenye kiu ya kwenda London. Ntiro alikuwa ameishi mji ule miaka mitatu, aliwajua Waingereza kwa meza na kwa lugha, na alikuwa mtu ambaye magazeti yao yangemwandika kwa jambo lingine mbali na siasa. Nchi mpya inahitaji kuonekana ina utu, ina harusi na mashamba, haina bendera peke yake. Alikaa hadi 1964, mwaka ulioanza na mapinduzi ya Unguja na maasi ya wanajeshi Dar es Salaam, ukafuatiwa na Muungano mwezi wa Aprili. Si miaka ya mtu kukaa kwa raha anachora.

Aliporudi nyumbani aliingia kwenye mambo ya utamaduni serikalini, akawa kamishna wa utamaduni, na baadaye akarudi alikotoka, darasani, safari hii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukipanga maisha yake utaona jambo ambalo wauza ndoto hawalisemi. Sam Ntiro hakula kwa brashi. Alikula mshahara wa mwalimu, kisha wa balozi, kisha wa afisa wa serikali, kisha wa mwalimu tena. Picha alichora katika mapengo ya kazi hizo. Anayemwambia kijana asome sanaa chuo kikuu ili auze picha za mamilioni anamdanganya. Anayemwambia kwamba kisomo hicho hakina mlango wa riziki naye anamdanganya vile vile, maana Ntiro alipitia milango minne.

Sasa nije kwa yule ambaye kila mbishi humtaja. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, upande wa Tunduru. Shule alisoma kidogo sana. Alifika Dar es Salaam kutafuta kazi, akafanya vibarua, akawa pia msaidizi hospitali ya Muhimbili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Ntiro akishughulikia utamaduni wa taifa zima, Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli, akiuzia wazungu wa Oysterbay. Leo jina lake ni la mtindo mzima. Maduka ya watalii Mombasa, Malindi na Forodhani Unguja yamejaa tingatinga zilizochorwa na watu ambao hawakuzaliwa alipokuwa hai. Ukisimamisha watu mia Mama Ngina Drive uwaulize Ntiro ni nani, huenda usipate hata mmoja. Waulize tingatinga ni nini, wote watakuonyesha twiga.

Basi chuo cha nini? Mbishi anamalizia hapo. Mimi sikubali kumalizia hapo, kwa sababu maisha ya Tingatinga hayakuishia kwenye twiga. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akiwa ndani ya gari, wakidhani linatoroka na wezi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Alichora kwa miaka isiyofika mitano. Jina lake likawa bidhaa ya kila mtu, na ilichukua mpaka 1990 wanafunzi na jamaa zake kusajili chama cha ushirika cha kuulinda mtindo wenyewe. Mkono wake haukuwa na upungufu wowote, pengine ulimshinda Ntiro. Alichokosa ni vitu vilivyo nje ya mkono: kujua mkataba, kujua haki ya mchoraji juu ya kazi yake, kumjua mwenye jumba la maonyesho, na kuweza kuandika barua ikajibiwa. Hayo ndiyo Ntiro aliyarudisha kutoka Makerere na London. Kijana anayechora ukuta wa kinyozi Mathare, akalipwa mia tano na chai, kisha akaona picha yake kwenye tangazo la mtu mwingine, yuko kwenye viatu vya Tingatinga, na polisi wa Nairobi wala hawahitaji nieleze.

Wasomaji wetu watakuwa na neno jingine, nami silikwepi. Picha za viumbe wenye roho, na zaidi sanamu, zina maneno yake katika dini, na hukumu yake nawaachia wanavyuoni. Ila nasema hivi. Sisi watu wa Pwani tusijifanye wageni wa sanaa. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe ilichongwa na mafundi walioanza wakiwa watoto chini ya mafundi. Zidaka za plasta za nyumba za Pate na Lamu ni hesabu za nakshi ambazo wasanifu wa leo wanazipiga picha. Tuna khati za misahafu, tuna hina na piko, tuna kanga. Na kanga nyingi zinazouzwa Biashara Street Mombasa huchapishwa India na kwingineko, na kule yuko mtu aliyekaa kitako akachora pindo na mji, akalipwa. Huyo mtu kwa nini asiwe wa Majengo au wa Mathare? Chuo Kikuu cha Nairobi kina masomo ya usanifu wa vitambaa, vyombo na maandishi, na Gregory Maloba yule wa Mumias ndiye aliyehama Makerere katika miaka ya 1960 kuja kuongoza idara hiyo. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina idara ya sanaa. Vyote viwili ni safari ya matatu moja au mbili kutoka Juja Road. Mwenye kuogopa sura ya mtu anaweza kusoma miaka minne akatoka akiwa bingwa bila kuchora jicho.

Ninalomwomba mzazi ni aulize maswali ya maana kabla ya kukubali na kabla ya kukataa. Idara hiyo inafunza mkataba na hesabu za biashara, au rangi tupu? Ina karakana inayofanya kazi, au mashine zimefunikwa shuka? Waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi? Na mtoto mwenyewe, akiachwa peke yake Jumamosi nzima, anachora, au anapenda tu kuitwa msanii? Trowell alianza barazani bila hata jengo, kwa hiyo jumba zuri si ushahidi wa lolote.

Ntiro aliendelea kuchora hadi uzeeni, kijani kile kile, mlima ule ule. Mitindo ilikuja ikapita. Makerere yenyewe, baada ya Trowell kuondoka mwaka 1958, ilishika njia ya Ulaya zaidi chini ya Cecil Todd, na vijana waliotoka huko walimwona mzee huyu amepitwa na wakati. Hakubadilika. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1993, akikaribia miaka sabini. Bi Sarah aliishi miaka ishirini na mitano zaidi, akafariki Uganda mwaka 2018, akiwa bado anasumbua serikali juu ya elimu ya wasichana.